Ndoo kuukuu za bati: Jinsi ya kuzipaka rangi zikapamba nyumba bila kuleta madhara

NDOO ya bati ni chombo cha chuma chembamba kilichovishwa zinki ili kisishikwe na kutu upesi. Mbinu hiyo ilipewa hataza nchini Ufaransa mwaka 1837 kwa jina la mhandisi Stanislas Sorel, nayo ndiyo iliyozaa mabati ya kuezekea, karai na ndoo zilizoenea kote Afrika Mashariki.

Katika maeneo ya Sosiot, Kaunti ya Kericho, kama ilivyo kwingineko katika nyanda za majani chai, ndoo hizo zilitumika kuteka maji na kunyweshea mifugo kabla ya plastiki kuzipokonya kazi. Zilizosalia aghalabu hutupwa nyuma ya ghala au huuzwa kwa uzani kama vyuma chakavu. Hata hivyo, wapo wanaozinunua kwa bei nafuu, wakazipaka rangi na kuzipa sura ya kikale ili ziwe vyungu vya maua, vyombo vya kuwekea kuni au, katika nchi ya mvua kama hii, mahali pa kusimamishia miavuli mlangoni.

Kupamba chombo cha bati si jambo geni. Wanafunzi wa shule za bweni nchini Kenya wamebeba masanduku ya bati yenye rangi na majina yao kwa vizazi kadhaa. Jijini Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianzisha mtindo wa uchoraji unaobeba jina lake akitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ile ile ya kupakia baiskeli. Wafuasi wake wameuhamishia mtindo huo kwenye sinia na vyombo vingine vya nyumbani.

Kazi yenyewe huonekana nyepesi, lakini kuna mambo mawili ambayo humponza fundi asiyeyajua. La kwanza ni historia ya ndoo, na la pili ni tabia ya zinki.

Tuanze na historia. Katika eneo la wafugaji, ndoo kuukuu huenda iliwahi kuchanganyiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kuua magugu. Ndoo yenye harufu ya dawa, au yenye utando usiotoka kwa sabuni, ni afadhali iachwe ilipo. Isitoshe, viungio vya ndoo za zamani vililehemiwa kwa mchanganyiko wa stani na madini ya risasi, na rangi za zamani, hususan nyekundu, manjano na ya chungwa, mara nyingi zilitengenezwa kwa misombo ya risasi hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio huathirika zaidi, kwani madini hayo huharibu ubongo unaokua. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Humu nchini, kiwango cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) kinataka risasi katika rangi isizidi sehemu 90 kwa kila milioni. Lakini kiwango hicho hakiwezi kuisafisha rangi iliyopakwa kabla hakijawekwa. Kenya inayajua madhara ya risasi: mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliagiza wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni kwa sababu ya uchafuzi uliotokana na kiwanda cha kuyeyusha betri.

Ndoo moja haiwezi kulinganishwa na kiwanda, bila shaka. Hata hivyo, vumbi la ndoo hiyo likipanguswa kwa msasa mkavu barazani, huwafikia moja kwa moja watoto wanaotambaa hapo. Ikiwa rangi ya zamani imeshika barabara, iachwe na ipakwe nyingine juu yake. Ikiwa inabanduka, ilowanishwe kwanza na isuguliwe kwa msasa wa maji, mbali na jiko na kisima, kisha mabaki yakusanywe kwa kitambaa chenye unyevu. Mtindo wa kuitupa ndoo motoni ili rangi iungue ndio mbaya kuliko yote. Moto huyeyusha zinki, ambayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi, na moshi wa rangi yenye risasi huvutwa na kila aliye karibu.

Sasa tabia ya zinki. Wengi hununua rangi ya mafuta, wakaipaka juu ya bati linalong'aa na kufurahia matokeo kwa miezi michache, kisha rangi huanza kutoka vipande vipande kama ganda la kidonda. Kosa si la brashi. Mafuta yaliyo ndani ya rangi hukutana na zinki, vikazalisha kitu cha jamii ya sabuni baina ya rangi na bati, na juu ya sabuni hakuna rangi inayokaa. Hata ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ambayo mafundi wengi huiona dawa ya kila kitu, inafaa pale tu zinki ilipokwisha kulika na chuma kikabaki wazi. Penye zinki panahitaji praima iliyotengenezewa mabati, au rangi ya maji ya akriliki ambayo mkebe wake unaeleza kuwa inafaa kwa bati. Hapa ndoo kuukuu ina heri kuliko mpya, kwa kuwa bati lililofifia kwa jua na mvua hushika rangi vyema.

Ndoo huoshwa kwa maji ya moto na sabuni ili grisi itoke. Unga mweupe unaoonekana juu yake, ambao ni kutu ya zinki, husuguliwa kwa brashi ngumu. Kisha ndoo hupanguswa kwa siki, husuuzwa kwa maji mengi na kuachwa ikauke kabisa. Matundu ya kupitishia maji, kwa anayetaka kupanda maua, hutobolewa wakati huu ili kingo zake nazo zipate rangi.

Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mvua yake hupenda kunyesha alasiri. Kwa hivyo anayepaka rangi huanza asubuhi umande ukishakauka, na huiingiza ndoo ndani kabla mawingu hayajatanda. Rangi mbili nyembamba hudumu kuliko moja nzito, na kwa unyevu wa huku ni busara kuipa kila moja siku nzima.

Sura ya kikale hupatikana kwa mshumaa. Rangi ya chini, tuseme kahawia, ikikauka, nta husuguliwa kwenye kingo, mpini na mahali ambapo mikono ingegusa. Rangi ya juu, nyeupe au samawati iliyopauka, hupakwa kisha husuguliwa taratibu. Penye nta hutoka na kuacha alama za uchakavu. Karatasi ya kubandika jina ikichovywa katika chai ya rangi hugeuka hudhurungi, na chai haijawahi kuadimika Sosiot.

Ununuzi nao una sheria zake. Biashara ya vyuma chakavu nchini inasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na ilisimamishwa kuanzia Januari hadi Mei 2022 kufuatia uharibifu wa mitambo ya umeme. Anayechukua ndoo nyingi kwa ajili ya kuuza afanye hivyo kwa wafanyabiashara wenye leseni.

Anayeuza ndoo iliyopambwa naye amweleze mnunuzi, na ikibidi aandike chini ya kitako, kuwa ni ya pambo tu. Isihifadhiwe maji ya kunywa wala maziwa, sembuse mursik, kwani maziwa yaliyochacha huiyeyusha zinki na kumtapisha mnywaji.