Gari Lililoleta Kamera Kijijini

Desturi ya kupeleka sanaa vijijini kwa gari ni kongwe kuliko kompyuta. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulikuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu zipatazo 35 juu ya kilimo, afya na kuweka akiba, ukazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo yalitoka kwenye santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine. Waafrika waliigiza, lakini uamuzi wa kipi kisimuliwe, na kwa shabaha gani, ulikuwa wa wageni. Lugha ilikuwa ya wenyeji. Kauli haikuwa yao.

Nautumia mradi huo kama kipimo cha mwingine, ulioanza mbali na kwetu, katika jimbo la Quebec nchini Kanada.

Mwaka 2002 binti wa taifa la Waatikamekw, Wapikoni Awashish, alifariki akiwa na umri wa miaka 20, gari lake lilipogongana na lori la magogo. Alikuwa akishirikiana na mtengenezaji filamu Manon Barbeau katika kuandaa hadithi ya filamu pamoja na vijana wa kijiji cha Wemotaci. Mwaka 2004 Barbeau, akishirikiana na Baraza la Taifa la Atikamekw na mtandao wa vijana wa mataifa ya asili, alianzisha studio ndani ya gari-nyumba, ikapewa jina la marehemu: Wapikoni Mobile. Kwa Kiatikamekw, wapikoni ni ua.

Gari hilo hubeba kamera, vinasa sauti na kompyuta za kuhariri. Hukaa kijijini takriban mwezi mmoja. Vijana huandika, hupiga picha na kurekodi nyimbo wakiongozwa na wasanii wazoefu, kisha wanakijiji huitwa kutazama kazi hizo kabla ya gari kuondoka. Mcheza kwao hutunzwa: hadhira ya kwanza ni mama, babu na jirani.

Kwa mpenzi wa lugha, matunda yake yana uzito wa pekee. Samian, aliyepitia studio hiyo, alitoa mwaka 2007 albamu ya kufokafoka inayochanganya Kifaransa na Kialgonquin. Mwaka huohuo Kevin Papatie wa Kitcisakik alitoa filamu fupi, L'amendement, inayoonyesha kwa dakika chache jinsi Kialgonquin kinavyofifia katika vizazi vinne vya familia moja. Chanzo chake kinajulikana: shule za bweni za Kanada, ambamo watoto wa mataifa ya asili walitengwa na wazazi wao na kuadhibiwa kwa kusema lugha zao. Msiba huo wa lugha ulisimuliwa na mtu wa ndani.

Hata hivyo, gari halina mizizi. Mwaka 2011 serikali kuu ya Kanada iliondoa sehemu kubwa ya fedha za mradi huo, na baadhi ya safari zikasimama. Mradi ulinusurika, lakini tukio hilo lafundisha kwamba kijiji kinachotegemea gari peke yake chaweza kunyamazishwa kwa barua moja ya ofisini.

Kwa hiyo, anapotokea mtu kutaka kupeleka karakana ya namna hii Pemba, Lamu au Ujiji, nadhani sisi washairi tusitosheke kuuliza idadi ya kamera. Tuulize kijana atatunga kwa lugha ipi, lafudhi yake itaachwa au itasahihishwa, na rekodi zitabaki mikononi mwa nani gari likishaondoka. Lori la Vugiri lilijua Kiswahili, wala hilo halikutosha kuwapa wasemaji wake kauli.