Uhuru Iliyopaa Kutoka Ngomeni

Wadau, neno "uhuru" tunalijua sote. Ni kilele cha Kilimanjaro, ni mwenge, ni bustani pale Nairobi. Lakini je, wajua kwamba kuna Uhuru nyingine iliyoiacha dunia kabisa, na kwamba wanasayansi wa nyota ulimwenguni kote wanaitaja kwa heshima kuliko sisi wenye neno lenyewe?

Tuanzie pwani. Kaskazini ya Malindi kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni. Miaka ya 1960, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walileta majukwaa ya chuma, kama yale ya kuchimbia mafuta, wakayasimamisha baharini. Moja wakaliita San Marco. Mwaka 1967 setelaiti ya kwanza ikarushwa kutoka hapo.

Kwa nini Ngomeni? Jibu ni ikweta. Dunia inapojizungusha, walio kwenye ikweta ndio wanaokwenda kasi zaidi, kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa karibu na hapo kuelekea mashariki inaondoka na kasi hiyo bure, kama jiwe linalorushwa mbele kutoka kwenye basi linalokimbia.

Sasa basi, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi ya Kimarekani iliondoka San Marco ikiwa na setelaiti ya NASA yenye uzito wa kilo 140 hivi. Msimamizi wa mradi, mwanamama mhandisi Marjorie Townsend, akaipa jina la siku ile: Uhuru.

Kazi yake ilikuwa nini? Kutafuta miale ya eksirei angani. Ndiyo, miale ileile ya kupigia picha mifupa hospitalini. Inatoka pia mbali huko kwenye nyota, lakini hewa yetu inaizuia isifike chini. Kabla ya hapo, roketi ndogo zilipanda na kuchungulia kwa dakika chache tu, kisha zikaanguka. Uhuru, ambayo ni setelaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo tu, ilitazama kwa zaidi ya miaka miwili. Ikaacha orodha ya vyanzo 339.

Kimojawapo kinaitwa Cygnus X-1. Uhuru iliona miale yake ikipanda na kushuka ndani ya muda usiofika sekunde moja. Hilo lilishangaza, maana kitu kikubwa hakiwezi kubadilika chote kwa haraka hivyo. Hata mwanga huchukua muda kukivuka. Basi lazima kiwe kidogo. Wanasayansi wengine wakapima mwendo wa nyota inayozungukana nacho, wakakuta kidogo hicho ni kizito kuliko jua letu mara nyingi. Kidogo, kizito, na hakionekani: shimo jeusi! Stephen Hawking aliweka dau mwaka 1974 kwamba silo. Mwaka 1990 akakubali kwamba ameshindwa. Naye Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa Uhuru, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Sasa tafakari. Roketi ya mwisho kupeleka setelaiti kutoka San Marco iliondoka mwaka 1988. Kenya ilipotengeneza setelaiti yake, Taifa-1, mwaka 2023, ilibidi ikapandie roketi California. Ikweta haijahama, bahari ipo palepale.

Tulitoa bahari, tukatoa na jina. Simulizi tukawaachia wengine. Mara nyingi tunaambiwa mambo ya anga ni ya wenzetu, Kiswahili hakiyawezi. Mbona neno letu lilishafika huko mwaka 1970? Leo hii muulize rafiki yako Uhuru ni nini. Akikutajia mlima, mwenge na bustani, mwongezee ya nne.