Kura 23 za Tabora

Aliyesoma historia ya Tanganyika shuleni amekutana na maneno "Uamuzi wa Busara". Huyakariri pamoja na mwaka wake, 1958, na mji wake, Tabora, mtihani ukapita, yakaishia hapo. Kinachosahaulika ni kwamba uamuzi ule ulipigiwa kura, na kura zenyewe zilikuwa 37 kwa 23. Wajumbe wanane tu wangegeuza msimamo, matokeo yangekuwa mengine. Naomba tukae kidogo na wale 23.

Mahali penyewe panastahili kutazamwa kwanza. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, misafara iliyotoka Bagamoyo ilitua Unyanyembe, hapohapo Tabora, baada ya safari ya miezi, ikapumzika chini ya miembe na kwenye matembe, kisha njia ikagawanyika: wengine Ujiji, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakuwa watu wa kuswagwa kama ng'ombe. Mbele yao alitembea kirangozi, na neno hilo ndilo ndugu wa "kiongozi" wetu wa leo. Posho ikipunguzwa au njia ikibadilishwa bila wao kuulizwa, mizigo ilitua chini, shauri likaanza. Wasafiri wa Kizungu wamejaza kurasa za vitabu vyao wakilalamikia mashauri hayo yasiyokwisha. Mimi nayasoma kwa heshima, kwa sababu mwenye kubeba mzigo alikuwa anadai neno lake lisikike kabla ya kuunyanyua tena.

Mwezi Januari 1958 wajumbe wa TANU waliingia mji huo kwa mkutano mkuu wa mwaka. Chama kilikuwa hakijatimiza miaka minne. Miongoni mwa waasisi wake 17 wa Julai 7, 1954, alikuwamo Germano Pacha wa Jimbo la Magharibi, na kwa rais wake, Nyerere mwenyewe, Tabora ilikuwa kama nyumbani: alisoma pale sekondari, akafundisha shule ya St. Mary's, akashiriki siasa za African Association palepale.

Kilichowaleta ni kura tatu. Gavana Edward Twining alitaka Baraza la Kutunga Sheria lichaguliwe kwa utaratibu ambao kila mpiga kura angelazimika kuchagua watu watatu kwa pamoja: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Waafrika walizidi milioni nane na Wazungu walikuwa kama 20,000, lakini kila kundi lingepata viti sawa. Isitoshe, kura hiyo haikuwa ya kila mtu. Alitakiwa mwenye kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au wadhifa uliotambuliwa. Mkulima wa Unyamwezi aliyenunua kadi ya TANU kwa senti za asali yake hakuwamo. Wala hawakuwamo wengi wa akina mama walioingizwa chamani na Bibi Titi Mohamed.

Swali likawa: TANU ishiriki uchaguzi huo au iususe? Sasa utaona kwa nini waliokataa hawakuwa watu wa fujo. TANU ilizaliwa kwa msingi kwamba binadamu wote ni sawa. Kushiriki uchaguzi unaompima mtu kwa rangi na kwa mfuko wake kulionekana ni kuusaliti msingi huo. Zuberi Mtemvu alisimama upande huo, na Bhoke Munanka pia. Hoja yao ilikuwa nzito, na ukumbi ulielemea kwao.

Nyerere aliona vingine. Wakisusa, United Tanganyika Party, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za serikali, kingejizolea viti vyote na kusema kwa jina la nchi. Kiti cha mwenyekiti wa kikao kikashikwa na Mwalimu Kihere wa Tanga, na Rais wa TANU akatetea hoja yake kama mjumbe mwingine yeyote. Wasimulizi wa mkutano ule hukumbuka mfano wake wa mtu mwenye nguo nyeupe aliyefika kwenye matope, na anakokwenda ni ng'ambo. Hakuamuru. Aliomba, akajibiwa, akajibu, kikao kikapiga kura: 37 wakakubali kushiriki, 23 wakakataa.

Kilichofuata kinajulikana. Katika uchaguzi wa Septemba 1958 na ule wa Februari 1959 viti vilinyakuliwa na TANU na wagombea iliowaunga mkono, wakiwamo Derek Bryceson, Sophia Mustafa na Amir Jamal, wakati ambapo wasio Waafrika hawakuruhusiwa hata kuwa wanachama. Silaha iliyotengenezwa kuwagawa wapiga kura iligeuzwa na wapiga kura hao hao. Jimbo la Mashariki, Nyerere alimshinda Patrick Kunambi, mwasisi mwenzake wa 1954. Uhuru ukapatikana Desemba 9, 1961.

Na wale 23? Munanka alibaki chamani, akatumikia serikali iliyozaliwa na uamuzi alioupinga. Mtemvu aliondoka, akaunda African National Congress iliyodai Afrika kwa Waafrika peke yao. Mwaka 1962 alisimama dhidi ya Nyerere kugombea urais, akapata kura 21,276 mbele ya zaidi ya milioni moja. Sikubaliani na siasa yake ya rangi. Lakini kura zile zilihesabiwa na kutangazwa, na nafasi ya namna hiyo haikudumu: mwaka 1965 katiba ilifanya nchi kuwa ya chama kimoja, na wenye mawazo kama ya wale 23 wakabaki na mlango mmoja tu wa kupitia.

Mtu wa Tabora alikuwa miongoni mwa waliodai milango mingine ifunguliwe tena. Chifu Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe aliyekuwa waziri wa sheria wa kwanza, alijiuzulu mwaka 1963. Karibu miaka 30 baadaye, akiwa mzee wa miaka 70, alijitokeza mbele kudai vyama vingi, kisha akaongoza Union for Multiparty Democracy. Mwaka 1991 iliundwa tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuzunguka nchi na kuuliza wananchi. Wanane kati ya kila kumi walijibu kuwa chama kimoja kiendelee. Tume ilizihesabu sauti za wale wawili waliobaki, ikazipima, ikashauri nchi irudi kwenye vyama vingi. Sheria ikabadilishwa mwaka 1992.