Umeme wa jua wa volti 12: waya, fizibo na batri ndani ya nyumba

Bukavu iko na mitambo miwili ya umeme mulangoni pake: Ruzizi I, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, iliyoanza kazi mwaka 1989 na ambayo Kongo, Rwanda na Burundi wanagawana. Hata hivyo mukaaji wa Kadutu, Bagira ao Panzi anajua delestaji vizuri sana. Na kule Idjwi, Walungu, Mwenga ao Kalehe, vijiji vingi havijaona hata nguzo moja ya SNEL. Ndiyo maana mapano ya jua yamejaa juu ya mabati.

Siku hizi kupata pano si shida. Shida iko chini yake, kati ya batri na ampuli, pale ambapo mutu anajifungia mwenyewe kwa waya uliobakia jikoni. Wengi wanasema: "Ni volti 12 tu, hiyo haiui." Ni kweli, volti 12 hairushi mutu kama umeme wa SNEL. Lakini inaunguza. Batri moja ya gari, waya zake zikigusana, inaweza kutoa ampere mia kadhaa kwa mara moja, na waya unakuwa mwekundu kama chuma cha mufua vyuma. Katika mitaa ambamo nyumba za mbao zimebanana ukuta kwa ukuta, moto wa nyumba moja haubakie kwa nyumba moja.

Hesabu ya kwanza ni rahisi: wati gawanya kwa volti, unapata ampere. Televizioni ya wati 60 kwenye umeme wa volti 220 inakula ampere 0,27 tu. Kifaa hicho hicho kwenye volti 12 kinakula ampere 5, karibu mara kumi na nane zaidi. Ndiyo maana waya wa nyumba ya SNEL hautoshi kila mara kwa nyumba ya jua. Ampere ndizo zinapasha waya moto, si volti.

Tuchukue mufano. Televizioni iko mita 10 toka kwa batri. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 20. Ukitumia shaba ya milimita 1,5 za mraba, ampere 5 zinapoteza njiani zaidi ya volti moja. Batri inatoa 12, televizioni inapokea chini ya 11, inazima-zima, na mwenye nyumba anasema batri imekufa. Ukitumia waya wa 2,5 unapoteza volti 0,7. Ukitumia wa 4, chini ya nusu volti. Kwa ampuli moja ya LED ya wati 5, wa 1,5 unatosha kabisa. Dawa isiyo na gharama ni kuleta batri karibu na vyombo, ao kuweka televizioni kwenye ukuta ulio karibu na batri. Waya mufupi ni bora kuliko waya munene.

Kwenye soko pia kuna waya wa aluminiumu uliopakwa shaba juu. Unangaa vizuri, bei ni ya chini, na uzito wake ni mwepesi mukononi. Kwanguwa ncha yake na kisu: ndani ikionekana nyeupe, si shaba. Waya huo unapitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene ule ule, na kwenye viungo unalegea na kupata moto. Mukono ukisikia joto kwenye kiungo, kiungo hicho hakikufungwa vizuri.

Fizibo sasa. Hapa ndipo watu wanaponunua pano ya dola nyingi na kukataa kununua kitu cha bei ndogo. Fizibo inakaa kwenye waya wa chanya (mwekundu), karibu sana na batri, si mbali zaidi ya shibiri moja. Ukiiweka mwisho wa waya, karibu na televizioni, waya wote ulio mbele yake hauna ulinzi. Inalinda waya, si chombo. Kwa hiyo unaichagua kufuatana na waya: ampere 10 kwa waya wa 1,5, ampere 15 kwa waya wa 2,5. Zile za magari zinafaa, na zinapatikana kwa wauzaji wa vipuri. Ikikatika, tafuta kwanza sababu. Musumari ao karatasi ya sigara mahali pa fizibo ni sawa na kukosa fizibo.

Kufunga kuna utaratibu wake. Batri inaungwa na regilateri kwanza, kisha pano, kisha vyombo. Kufungua ni kinyume: vyombo, pano, batri mwisho. Regilateri inayopokea pano bila batri inaweza kuharibika siku ile ile. Mafundi wazuri wanajua. Binamu anayekuja kusaidia siku ya Jumapili, si kila mara.

Usiweke volti 12 kwenye priza ya kawaida ya ukutani. Siku moja mugeni atachomeka chombo cha 220, ao mutoto atachukua chombo cha 12 na kukipeleka kwa jirani mwenye SNEL. Tumia priza za aina ya gari, na usichanganye kamwe waya za jua na za SNEL ndani ya bomba moja. Radio inayotumia batri ndogo nne za volti 1,5 inataka volti 6: ukiipa 12 moja kwa moja, inaungua. Simu inapita kwenye chajeri ya gari, inayoshusha hadi volti 5. Televizioni nyingi ndogo ziko na kisanduku kilichoandikwa "12V". Hizo hazihitaji konvertiseri.

Konvertiseri yenyewe watu wanaipenda kwa sababu inafanya nyumba ionekane kama nyumba ya mujini. Lakini inakula umeme hata chombo kikizimwa. Na pasi ya wati 1000 ingevuta zaidi ya ampere 80 toka kwa batri. Pasi ibakie ya makaa.

Jamaa yenye ampuli nne za wati 5 kwa saa tano, televizioni ya wati 30 kwa saa nne, radio na simu tatu, inatumia kama wati-saa 280 kwa siku. Pano ya wati 100, siku ya jua la kadiri, inatoa karibu hiyo, si zaidi. Mwezi wa 11, mawingu yakilala juu ya muji, haitoshi. Wati 150 ni afadhali. Batri ya asidi ya ampere-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini usitumie zaidi ya nusu. Ikipumzika, volti 12,7 ni imejaa, 12,1 ni karibu nusu. Anayeishusha kila usiku hadi ampuli zinafifia atanunua ingine mapema. Ongeza maji yaliyochujwa ya batri, si ya Regideso. Na isilale chumbani na watoto: ikichajiwa inatoa hewa inayoshika moto.

Jambo la mwisho ni radi. Utafiti wa satelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliweka eneo la Kabare, hapa kwetu, la kwanza Afrika kwa radi: zaidi ya 200 kwa kilometa moja ya mraba kila mwaka. Ngurumo zikianza, chomoa vyombo. Kisha tenganisha pano na regilateri, na uache batri mahali pake.