Benchi la Bibi Bondeni

Bibi yangu, Mndamba wa Idete katika Bonde la Kilombero, hakuwahi kuliita banda lake hoteli. Alisema tu "kwangu". Palikuwa na mafiga matatu, mabenchi mawili ya mbao, na sufuria ya wali wa Kilombero uliokufikia kwa harufu kabla hujaketi. Kitoweo kilikuwa kambale au perege wa mtoni, aliyekaushwa kwa moshi kisha akaungwa kwa nyanya.

Kazi hii ya kuuza chakula ilikua bondeni kwa sababu ya reli ya TAZARA. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ikipita Ifakara na Mlimba. Vibarua walitoka kila pembe ya nchi, wakafanya kazi na maelfu ya Wachina. Mtu aliyemwacha mkewe mbali alihitaji wa kumwambia "mama, nitilie". Jina mama ntilie linatokana na maneno hayo. Siku hizi wengi husema mama lishe. Mimi nalipenda la zamani, kwa kuwa ndani yake namsikia mteja mwenye njaa.

Baadaye Wasukuma walikuja bondeni na ng'ombe wao. Maziwa ya mgando na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, vikaingia kwenye meza zetu, kando ya mlenda, na Mpogoro mwenyeji na Msukuma wakapeana chumvi kwenye benchi moja.

Kama bado una bibi aliyepika bondeni, leo mwulize alipika nini, alimuuzia nani, kwa bei gani. Kisha andika.