Sigara mkononi, vepu mfukoni (Sehemu ya 4)

Haya wapendwa, tuendelee. Leo tuwaongelee wanaotumia vyote viwili: sigara ya kawaida na sigara ya kielektroniki, ile mnayoiita vepu. Naanzia mbali kidogo, maana mtego huu una historia.

Mwaka 1950 watafiti wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Wavutaji wakaingiwa hofu. Kampuni zikaja na jibu lao: usiache, vuta yenye kichungi. Kule Marekani, sigara ya Kent ilitoka mwaka 1952 ikisifiwa kwa kichungi chake. Kumbe ndani yake mlikuwa na asbesto, kitu ambacho chenyewe kinasababisha saratani! Kichungi hicho kilitumika hadi 1956.

Baadaye zikaja "laiti". Kichungi kilitobolewa vitundu ili hewa iingie na kupunguza ukali wa moshi. Mashine za kupimia zikaonyesha lami kidogo, watu wakafurahi. Lakini mashine haina vidole wala midomo. Mvutaji aliziba vitundu bila kujua, akavuta kwa nguvu zaidi, akaongeza idadi. Mwili ulidai nikotini yake ileile na ukaipata. Umoja wa Ulaya ulikataza neno hilo kwenye pakiti mwaka 2003, Marekani mwaka 2010. Muda wote huo watu walikuwa wanaamini wamepunguza.

Sasa vepu. Mwaka 2003 huohuo, mfamasia wa China aitwaye Hon Lik, mvutaji mzuri tu, alibuni kifaa kinachogeuza maji ya nikotini kuwa mvuke bila kuchoma tumbaku. Wazo lenyewe si baya. Lami na hewa ya kaboni monoksidi hutokana na kuungua, kwa hiyo anayehama kabisa anapunguza sumu nyingi. Neno ni hilo: KABISA. Miaka mingi baadaye Hon Lik mwenyewe alisema kwenye mahojiano kwamba bado anatumia vyote viwili.

Jiangalie upo wapi:
1. Sigara kila siku, vepu mara mojamoja, pale pasiporuhusiwa moshi.
2. Vepu kila siku, sigara moja moja ukiwa na marafiki au baada ya chakula.
3. Vyote kila siku.
4. Vyote mara chache.

Wa kwanza na wa tatu, vepu kwenu haijachukua nafasi ya sigara. Inaziba mapengo tu, ili nikotini isikatike ofisini wala kwenye basi. Wa pili, mpo karibu na mlango, ila hiyo sigara moja msiidharau. Mwaka 2018 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi: sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mvutaji wa sigara ishirini, kwa wanaume. Kwa wanawake ni karibu theluthi. Ukitoka ishirini ukafika moja, umepunguza sigara 19, lakini moyo haugawi hesabu hivyo.

Basi tufanye nini? Kama vepu ni ngazi yako ya kutokea, weka tarehe ya sigara ya mwisho na umwambie mtu wa nyumbani. Ulizia pia plasta au bigijii za nikotini. Kama hujawahi kuvuta, usianze na chochote. Na sisi manesi tukikuuliza "unavuta sigara?" usijibu "hapana, natumia vepu tu" wakati pakiti ipo mfukoni. Taja vyote, na idadi. Hatukuulizi ili tukuseme. Tunataka kujua moyo wako umebeba mzigo gani.

Sehemu ya 5: siku tatu za kwanza bila sigara. Wewe ni namba ngapi hapo juu? Ukiona aibu kuandika hapa, njoo inbox.