Karne ya Kuisikiliza Kelele

Anayekamua nazi kwa kifumbu anajua kwamba tui hupita na machicha hubaki. Vichujio vya kwanza vya umeme vilikuwa hivyo. Mwaka 1915, George Campbell wa Marekani na Karl Willy Wagner wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, walipanga koili na kapasita zikaruhusu masafa fulani na kuzuia mengine. Simu kadhaa zikaweza kupita katika waya mmoja bila kuingiliana.

Lakini mkoromo wa kelele ukiwa katika masafa yaleyale ya sauti je? Mwaka 1928, John Johnson na Harry Nyquist wa Maabara ya Bell walionyesha kwamba joto hutikisa elektroni ndani ya waya wenyewe, na mtikisiko huo ni kelele. Hakuna kifumbu cha kuimaliza. Kwangu mimi, elimu ya kuchuja ishara ilianza upya hapo: kelele ikawa kitu cha kuchunguzwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Andrei Kolmogorov kule Urusi na Norbert Wiener kule Marekani waliuliza swali lingine: tukizijua tabia za kelele na za ishara, makisio yapi yana kosa dogo kabisa? Wiener alitaka kubashiri ndege ya adui itakuwa wapi baada ya sekunde chache. Mwaka 1960 Rudolf Kalman akayafanya makisio yajisahihishe kwa kila kipimo kipya, na hesabu zake zikawaongoza wanaanga wa Apollo hadi mwezini.

Nawastahi zaidi Arno Penzias na Robert Wilson. Mwaka 1964, antena yao ya redio kule Holmdel, Marekani, yenye umbo la pembe, ilikoroma usiku na mchana, popote ilipoelekezwa. Ndani walikuta njiwa wamejenga kiota. Wakawatoa, wakakwangua kinyesi chote. Mkoromo haukwisha. Yalikuwa mabaki ya mwanga wa ulimwengu ulipokuwa mchanga, yaliyopoa hadi nyuzi 3 hivi juu ya sifuri kamili. Tuzo ya Nobel ikawafikia mwaka 1978.

Subira hiyohiyo ndiyo iliyojenga mitambo miwili ya LIGO ya kunasa mawimbi ya mvutano, takriban kilomita 3,000 kutoka mmoja hadi mwingine, kwa kuwa lori linalotikisa ardhi ya huku halitikisi ya kule. Tarehe 14 Septemba 2015, wimbi la mashimo meusi mawili yaliyogongana lilionekana Livingston, Louisiana. Milisekunde 7 baadaye, lilionekana Hanford, Washington.